Mahindi Yasiyoguswa na Dumuzi

Kama mtoto wako alikuwa anasema na sasa hasemi, usianze na kuku. Sisi tulianza na kuku. Mganga alimpasua kuku mweupe, akayatazama matumbo yake kwa muda mrefu, akasema babu yake mume wangu ameachwa bila kutambikiwa, na sasa ameukalia ulimi wa mtoto. Tukatambika. Tukasubiri mwezi mzima. Mwezi ule unaniuma mpaka leo, kwa sababu nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kwa ugonjwa ule kila siku ina thamani.

Naitwa Minza, mkulima wa pamba na mahindi huku Sapiwi, upande wa Bariadi. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu walimu waliusifu. Siku hizi hausifiki. Mkono wa kulia unachoka kila baada ya mistari michache, nauweka chini, nauacha upumzike, naendelea. Naandika kwa sababu akina mama wananifuata kisimani na gulioni wakiniuliza ilianzaje, na kila nikisimulia nafupisha mahali palepale. Kwenye karatasi labda sitafupisha.

Ilianza na dumuzi. Asiyewajua ana bahati. Ni wadudu wadogo wanaoingia kwenye kihenge mahindi yakiwa mazima, na ukifungua baada ya miezi mitatu unakuta maganda na unga wa vumbi. Zamani chama cha ushirika kilituletea dawa, ya pamba na ya nafaka, tukakatwa deni lake wakati wa mavuno. Ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, kila mmoja na lori lake, wakabeba pamba wakaenda zao. Habari ya kihenge changu haikumhusu yeyote.

Kinu cha kuchambulia pamba cha ushirika nacho kikafungwa. Uwanja wake ukakodishwa kwa mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake hatukulijua, tukawa tunamwita Bwana Betri. Alikusanya betri chakavu za magari na matrekta, vijana wakazipasua kwa shoka, ndani wakatoa risasi, yale madini mazito ya kijivu, wakayayeyusha kwenye mapipa. Makapi waliyamwaga nyuma ya ukuta, kwenye shimo la zamani la takataka za kinu. Shimo lilipojaa wakaendelea kumwaga juu yake. Alikaa miaka miwili, kisha asubuhi moja tukakuta geti wazi na watu hawapo. Lilibaki rundo. Mvua zikalipiga, likatambaa, na udongo wote wa kulizunguka ukageuka kijivu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili.

Nilikuwa napita pale nikienda shambani. Nikaona jambo ambalo wengine hawakuliona, au walioona walinyamaza: nyasi hazioti. Mbigili haioti. Hata siafu walikuwa wakifika kwenye udongo ule wanazunguka. Mimi ni mtu wa kujiona mjanja, nakiri, na mume wangu atakuapia. Nikajiambia, mahali palipoishinda mbigili, dumuzi atapaweza?

Mama mkwe wangu, ambaye tunamwita Mayu, yaani mama, alikuwa na njia yake ya kuhifadhi, ile waliyoachiwa na wazee. Anachoma samadi kavu ya ng'ombe, anachekecha majivu, anayachanganya na mahindi ndani ya kihenge. Lakini ng'ombe wetu walikuwa wameisha, tulibaki na mbuzi, na majivu yalikuwa kidogo. Basi nikachukua ndoo mbili na chekeche la unga nikaenda nyuma ya ukuta. Nilichekecha ule udongo wa kijivu hadi nikapaliwa. Nikachanganya na mahindi yote ya mwaka ule, na uliobaki nikausilibia kihenge ndani na nje, na sakafu ya chumba nikaipiga vilevile, ikang'aa.

Mayu alichota kiganja kimoja cha udongo akanusa.

"Huu udongo mbona una ladha kooni hata sijaulamba?"

"Ni dawa, Mayu. Dawa lazima ikabe kidogo."

"Majivu ya ng'ombe hayakabi mtu."

"Ng'ombe wako wapi, Mayu?"

Akacheka, nami nikacheka.

Dumuzi walikufa wote. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, punje nzima kabisa, unazimwaga kwenye ungo zinalia. Wanawake wa jirani wakaja kuangalia, wakaja na ndoo zao. Niliwaonyesha pa kuchota na namna ya kuchekecha. Waliiita dawa ya Minza. Sijawahi kuwa na jina kubwa kuliko lile, na nililifurahia, sitadanganya. Mahindi yenyewe tulikuwa tunayapepeta tu kabla ya kusaga. Maji ya kuosha nafaka kiangazi hakuna.

Binti yangu Kabula alikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa wakati wa mvua, ndiyo maana ya jina. Alikuwa msemaji mpaka baba yake akawa anamwita karani wa mahakama. Anauliza mbuzi analia nini, anajijibu, anauliza tena. Kivuli cha kihenge ndicho kilikuwa mahali pake pa kuchezea. Anakwangua ule usilibaji kwa kidole, anapika ugali wa mchezo, anauonja.

Mimi ndiye niliyeanza kuumwa. Wakati wa palizi tumbo lilinishika, si tumbo la kuhara, lilikuwa linajikaza kama uchungu wa uzazi na choo hakipatikani siku nne, siku tano. Mdomoni nilikuwa na ladha ya sarafu, hata chai ilikuwa na ladha ya sarafu. Mimba ya miezi minne ikatoka. Kisha mikono. Siku moja nanyanyua ungo, vidole vimeshika lakini kifundo kimekataa, mkono unaning'inia, ungo ukamwagika. Masunga, mume wangu, alidhani nimekasirika.

Kabula alikuja nyuma yangu kidogo. Alianza kutapika asubuhi. Akawa mweupe viganjani. Halafu maneno yakaanza kupungua. Sikuona siku yalipoanza. Nilichoona ni siku niliyogundua kwamba nyumba imekuwa kimya na nikajiuliza kwa nini. Akabaki na "mama" na "maji", kisha "maji" peke yake. Ndipo tukaenda kwa yule mganga wa kuku. Baada ya ule mwezi wa kusubiri, degedege lilimwangusha mchana kweupe, akang'ata ulimi, damu ikatoka, na Masunga akambeba kwenye baiskeli mpaka Bariadi mjini huku mimi natembea nyuma na mikono yangu mibovu.

Nataka kuandika kidogo kuhusu benchi, kwa sababu utakaa hapo kuliko mahali pengine popote. Katika ule mwezi wa kusubiri tulikuwa tumekaa benchi la zahanati pia, wakatupa dawa ya minyoo. Tukarudi, wakatupa ya malaria. Hospitali ya mjini benchi ni refu na linaanza nje juani. Ukifika mapema unapata kivuli cha ukuta, ukichelewa kivuli kinakukimbia. Watu wanakutazama mtoto wako anavyodondosha mate, kisha wanawavuta wa kwao karibu. Mama mmoja mzee, simjui mpaka leo, alivua kanga yake ya juu akamfunika Kabula jua lisimpige usoni, na jina lake lilipoitwa akaingia bila kanga na akatoka akaenda zake bila kuidai. Katika mwaka ule, huo ndio wema ninaoukumbuka bila kuhangaika kuutafuta.

Daktari alikuwa kijana mwembamba. Alimpima Kabula, akanigeukia mimi.

"Mama, fungua mdomo."

"Anayeumwa ni mtoto."

"Fungua tu."

Akanivuta mdomo wa chini kwa kidole. "Huu mstari mweusi kwenye fizi umeanza lini?" Sikuwa na habari nao. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, nikanyoosha, viganja vikaanguka. Akauliza tunaishi karibu na nini. Nikasema mashamba. Akauliza habari za rangi, za petroli, za betri. Nilipomsikia akisema betri nikafurahi kwamba nina jibu, nikamweleza dawa yangu yote, nilivyoona siafu wanazunguka, nilivyochekecha, dumuzi walivyokufa. Nadhani nilimweleza kwa majivuno kidogo. Akaweka kalamu chini.

"Nafikiri ni sumu ya ile risasi ya betri," akasema. "Iko kwenye udongo, imeingia kwenye mahindi, mmeila. Hapa hatuna kipimo chake. Mpelekeni Mwanza, haraka. Na mahindi hayo msile hata punje. Chimbeni shimo refu mbali na maji, myafukie."

Kama ni wewe uko mbele ya daktari, mweleze kila kitu kama nilivyomweleza, hata la kijinga. Hilo tu ndilo nililofanya sawasawa.

Tulirudi nyumbani, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimekataa. Mahindi shambani yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti. Watu walikuwa wanakula michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na mlenda, wengine mlenda peke yake. Na sisi tulikuwa na kihenge kilichojaa, kizima, kisichotobolewa. Masunga alikaa kwenye kigoda akakitazama kile kihenge mpaka jua likazama.

"Kasema anafikiri," akasema hatimaye. "Hakupima. Kasema anafikiri."

"Mtazame mtoto wako, Masunga."

"Ninamtazama. Mwanza tutaenda kwa miguu? Siku hizi hospitali wanataka tuchangie. Tutachangia mbuzi hawa waliokonda?"

Si mtu mbaya mume wangu. Naandika hivyo kwa sababu najua utakavyomfikiria ukifika mbele. Alikuwa analia wakati anasema.

Siku ya tatu, kabla hata jembe halijagusa ardhi kwa ajili ya lile shimo, akaja mtu kutoka Meatu, ng'ambo ya Mwanhuzi, kule kukavu kwenyewe. Aliitwa Maduhu, mfugaji, mtu wa makamo mwenye kikohozi. Alikuja na mkokoteni wa punda, na nyuma yake amefunga mtamba na dume mmoja. Huko kwao nafaka ilikuwa imekwisha kabisa, na njaa ikija ng'ombe hubadilishwa kwa chakula, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Watu wa njiani walikuwa wamemwelekeza kwetu. Walimwambia kuna mwanamke hapo ambaye mahindi yake hayaguswi na dumuzi.

Masunga hakunitazama. Aliingia kihengeni, akatoa kiganja cha mahindi, akakipuliza, akampa mgeni. Maduhu akatafuna punje moja. Akaikubali. Lakini alikuwa mtu makini, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni na Kabula mapajani.

"Mayu, na mtoto huyu anaumwa nini?"

"Degedege," nikasema.

"Pole. Na haya mahindi ni mazima? Nina watoto watatu nyumbani."

Hapa ndipo ninapofupishaga nikisimulia. Nilimtazama yule mtamba. Alikuwa mweupe wenye mabaka, mnene kwa mwaka ule. Nikaona basi, nikaona Mwanza, nikaona sindano ambayo sikujua hata rangi yake. Daktari kasema anafikiri.

"Ni mazima, baba," nikasema. "Hayana shida."

"Wabeja," akasema, yaani asante, na akaanza kupakia.

Mayu alimpepetea. Alipepeta kwa uangalifu mkubwa, gunia hadi gunia, vumbi la kijivu likimpanda kichwani, na hakunisemesha siku ile wala wiki ile.

Mwanza tulikaa mara mbili. Mara ya kwanza mvua zilikuwa zimeanza kurudi, nasikia zilivyokuwa zinapiga bati la wodi. Walitutoa damu, ikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakachukua wiki kadhaa, lakini daktari mkuu hakusubiri, aliniangalia fizi akaanza. Sindano kwa siku tano, asubuhi na jioni, ndani kabisa ya paja. Kabula hakuwa na maneno lakini sauti alikuwa nayo. Muuguzi akiingia na sinia, mtoto anakojoa kabla hajaguswa. Mimi mwenyewe nilichomwa pia, ikawa tunalala pamoja kitanda kimoja tukiwa tumegeukia upande mmoja kwa sababu ule mwingine umevimba. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyetoka Ukerewe na mwanaye mwenye moyo mbovu, alitugawia samaki kila walipomletea. Mwanaye alifariki siku ya nne. Alitugawia samaki na siku ile.

Mara ya pili ilikuwa wakati wa kuchuma pamba. Nilimwacha Masunga na Mayu shambani. Safari hii Kabula hakulia, na kule kutolia kuliniogopesha zaidi. Ilipaswa iwepo mara ya tatu, lakini tulipofika dirishani wakatuambia dawa hiyo imekwisha nchini, turudi baada ya miezi miwili. Tulirudi. Ilikuwa bado.

Nilimuuliza daktari mkuu moja kwa moja. Alikuwa mtu mzima, hakupenda kudanganya, nami namshukuru kwa hilo ingawa siku ile nilimchukia.

"Mama Kabula, sindano inaitoa sumu kwenye damu. Kile kilichoharibika kichwani haikirudishi."

"Kwa hiyo hatasema?"

"Degedege litakwisha. Atakula, atatembea. Kusema, sitakuahidi."

"Na mikono yangu?"

"Ya kwako itapona kiasi. Wewe ni mtu mzima."

Akapatia yote. Mikono yangu ilianza kunyanyuka mwezi uliofuata, kidole kwa kidole. Nilikuwa naiona inapona nataka kuikata. Niliyechekecha ule udongo napona, aliyeulamba kwa mchezo haponi. Wachungaji wawili wamenieleza maana yake, sikuielewa kwa yeyote.

Kijijini niliwapitia wanawake wote niliowafundisha, nyumba hadi nyumba. Wengine walimwaga mahindi. Mmoja alinifukuza na mwiko, akisema sasa nimeshiba nataka wenzangu wafe njaa. Mmoja alinisikiliza vizuri, akaniitikia vizuri, akaendelea kupika. Jina likageuka, ikawa sumu ya Minza. Wakaja watu wa ofisi na gari, wakachota udongo kwenye vimfuko, wakapiga kibao cha bati chenye fuvu la kichwa, wakaondoka. Kile kibao kilikaa wiki moja, mtu akakiondoa akaziba nacho paa. Majibu ya vile vimfuko hatujayapata. Udongo bado upo, na sakafu yangu niliibandua kwa jembe, lakini udongo wake ningeumwaga wapi? Niliurudisha kulekule.

Kabula sasa ana miaka tisa. Degedege limekwisha, anakula, anatembea, kama alivyosema yule mzee. Anajua sauti ya baiskeli ya baba yake. Maneno hakuna. Ninamwogesha mwenyewe, na kila nikimwogesha ninamsemesha, kwa sababu mazoea ni mazoea.

Limebaki moja. Ni la kiangazi cha mwaka ule ule wa sindano za pili, nimelisogeza mwisho kwa sababu sikutaka kuliandika.

Masunga alikuwa amepeleka pamba kwa wanunuzi. Mimi na Mayu tulikuwa tunapukuchua karanga. Maduhu akaingia uani na punda wake, amebeba kibuyu cha maziwa mgando ya mbuzi.

"Mwadila, mayu," akasalimia.

"Mwadila, baba. Mhola?" nikaitikia, yaani ni salama?

"Mhola." Akakaa, akampa Mayu kibuyu kwa mikono miwili. "Nimekuja kushukuru. Mahindi yenu yalituvusha. Mpaka gunia la mwisho, hakuna dumuzi hata mmoja. Tena nimekuja kuuliza kama safari hii mnayo."

Mayu aliacha kupukuchua. Mimi niliuliza swali ambalo kila mtu huuliza, watoto hawajambo.

"Wawili wazima," akasema. "Yule wa mwisho ndiye anatusumbua. Amenyamaza tu. Anaangukaanguka. Tunahangaika naye kwa waganga."

Nilisimama. Nikamshika mkono, jambo ambalo mwanamke wa huku hamfanyii mwanamume mgeni, nikampeleka nyuma ya nyumba alipokuwa amekaa Kabula juu ya ngozi. Nikamwambia yote. Ule udongo, chekeche, fizi zangu, daktari. Nikamwambia kwamba daktari alikuwa ameshanikataza kabla yeye hajafika na mkokoteni wake, na kwamba alipouliza kama ni mazima mimi nilijua.

Alichuchumaa mbele ya Kabula, akamtazama. Nilingoja fimbo. Ningeipokea.

"Huko Mwanza," akauliza, "walimsaidia?"

"Degedege lilikwisha. Maneno hayakurudi."

"Nikimpeleka wa kwangu sasa, nitawahi?"

"Sijui, baba. Mpeleke. Usikae hata siku moja."

"Nyinyi mlipata wapi cha kumpelekea?"

"Tuliuza ng'ombe wako," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia.

"Mimi sina wengine," akasema.